Nauli ya boti hupatanwa gatini

Jamani, hii tabia ya abiria kukaa kimya kutoka Lamu mjini hadi Shela, kisha akishateremka ndipo aniambie atalipa kwa bitcoin, ile pesa ya kidijitali ya mtandaoni, inanikera mno. Anataka nipakue programu papo hapo, bando langu, simu ina maji ya chumvi, na wanaorudi mjini wananiita.

Malipo yenyewe husubiri kuthibitishwa, wastani wa dakika 10 kwa bloku moja, yaani fungu la malipo yanayothibitishwa pamoja, na siku mtandao ukijaa ni zaidi. Ada nayo haiangalii kiasi unachotuma. Kwa nauli ndogo inaweza kuimeza yote. Najua ipo njia ya Lightning ya kutuma bitcoin, ni ya haraka, lakini hela bado ni ile ile bitcoin, na bei yake haitulii. Novemba 2021 bitcoin moja ilipita dola 68,000. Novemba 2022 ikawa chini ya 17,000. Muuza petroli hanisubiri ipande, na mwenye boti anataka hesabu yake jioni, kwa shilingi.

M-Pesa ipo tangu 2007, hata mama wa mahamri anapokea. Mwenye bitcoin aniulize kabla hatujang'oa nanga.