Peleti za Kasuku: Aina Moja Bakulini au Mchanganyiko?

Kwamba mbegu peke yake hazimtoshi kasuku ni jambo ambalo wafugaji wengi sasa wanalikubali. Kiini cha alizeti kina mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake, kalsiamu yake haifiki asilimia 0.1, na vitamini A karibu haimo kabisa. Ndege aliyelelewa kwa mbegu miaka mingi huishia na ini lililojaa mafuta, au vidonda vyeupe kinywani na pua zilizoziba kwa kukosa vitamini A. Kasuku wa kijivu wana hatari yao ya ziada: kalsiamu ikishuka katika damu, ndege hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti na hata kupata degedege.

Ubishi uliobaki ni wa hatua inayofuata. Ukishaamua kulisha peleti, yaani punje za chakula zilizotengenezwa kiwandani, je, uchague aina moja ya kuaminika na kuishia hapo, au uchanganye aina mbili tatu, uongeze mboga na mbegu kidogo? Pande zote mbili zina hoja nzito, na zote mbili husahau kitu kimoja: hesabu ya kile kinachoingia tumboni mwa ndege, ambayo mara nyingi si sawa na kilichowekwa bakulini.

Wanaotetea aina moja wanaanzia kwenye tabia ya kasuku mwenyewe. Huyu ni ndege mchaguzi. Mpe mbegu za aina sita, atamaliza alizeti kwanza na kuutupa ulezi chini. Hata zile mbegu zilizopakwa vitamini kwa nje hazisaidii sana, kwa sababu kasuku huzimenya na vitamini huanguka pamoja na maganda. Peleti ilibuniwa ili kuondoa uchaguzi huo: kila punje ina uwiano uleule wa protini, madini na vitamini, basi ale punje ya kwanza au ya mwisho, anapata kitu kilekile. Ukichanganya, wanasema, umemrudishia nafasi ya kuchagua, na umevuruga fomula iliyopimwa.

Upande wa pili unauliza: imepimwa kwa ajili ya nani? Kuna zaidi ya spishi 350 za kasuku, kuanzia baji wa gramu 35 hadi makau anayepita kilo moja, lakini utafiti wa kina wa mahitaji yao umefanywa kwa spishi chache sana, hasa kokatieli. Kazi maarufu ya watafiti Roudybush na Grau iliyotoka mwaka 1986 ilionyesha kwamba vifaranga vya kokatieli hukua vizuri zaidi chakula kikiwa na protini asilimia 20. Hicho ni kipimo cha kifaranga anayekua. Ndege mzima asiyetaga wala kulea anahitaji kidogo zaidi ya nusu yake. Mapendekezo yaliyotolewa na jopo la AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia chakula cha wanyama Marekani, mwaka 1998 yaliweka kima cha chini cha protini kwa kasuku kuwa asilimia 12, na kalsiamu kati ya asilimia 0.3 na 1.2. Sehemu kubwa ya mapengo yaliyobaki imezibwa kwa kuazima takwimu za kuku.

Hapa ndipo hoja ya mchanganyiko inapopata nguvu zake halisi. Utafiti mwingine wa kokatieli, wa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ndege wazima wasiozaa waliumizwa na vitamini A iliyozidi kuliko walivyoumizwa na iliyopungua. Vitamini D3 nayo ikizidi huchochea kalsiamu kuganda katika figo na mishipa, na makau wanajulikana kuwa wepesi wa kudhurika. Kasuku mkubwa anaweza kuishi miaka 40 au zaidi. Iwapo peleti yake ina vitamini nyingi kupita kiasi, atakula kosa hilohilo kila siku ya maisha yake. Kuchanganya na aina nyingine kamili kunashusha kilele hicho. Vilevile kiwanda kikibadilisha fomula, au bidhaa ikiadimika, ndege aliyezoea aina mbili hagomi kula. Kwa ndege anayeweza kukataa chakula kigeni hadi akadhoofika, hilo si jambo dogo.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo maneno ya jumla yanapowapoteza watu.

Chukua peleti yenye kalsiamu asilimia 0.9, fosforasi 0.6 na mafuta 6. Uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi ni 1.5 kwa 1, ambao unafaa. Katika gramu 70 za peleti hiyo ongeza gramu 30 za viini vya alizeti, ambavyo vina kalsiamu karibu asilimia 0.08, fosforasi 0.66 na mafuta 51. Mchanganyiko unakuwa na kalsiamu asilimia 0.65 na fosforasi 0.62, yaani uwiano umeporomoka hadi karibu 1 kwa 1. Mafuta yamepanda hadi asilimia 19.5, zaidi ya mara tatu. Na hayo ni iwapo ndege atakula vyote sawasawa. Kwa kawaida atamaliza alizeti na kubakiza peleti, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi. Kasuku aina ya Amazoni, ambaye hunenepa upesi na mishipa yake huziba kwa mafuta, hawezi kubeba mchanganyiko kama huo kila siku.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mboga za majani. Gramu 30 za majani mabichi ni maji kwa takriban asilimia 90, kwa hiyo zinabaki gramu 3 tu za chakula kikavu. Gramu 70 za peleti yenye unyevu wa asilimia 10 zina gramu 63 kavu. Mboga, ambazo bakulini zinaonekana kama nusu nzima ya mlo, ni chini ya asilimia 5 ya chakula kikavu. Haziwezi kuivuruga fomula. Zinaleta maji, karotenoidi ambazo mwili hugeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji, na kazi ya kuchana na kutafuna ambayo kasuku wa kufungiwa anaikosa sana. Kwa hiyo anayekataza mboga kwa kisingizio cha kulinda peleti anakosea, na anayeruhusu mbegu theluthi moja kwa kuwa “theluthi si nyingi” anakosea zaidi. Kila unapoambiwa asilimia 70 kwa 30, uliza kwanza: ni kwa uzito, kwa ujazo, au kwa chakula kikavu?

Kuchanganya peleti kwa peleti ni suala jepesi kuliko linavyofanywa. Ukiweka gramu 60 za aina yenye kalsiamu asilimia 0.9 na gramu 40 za aina yenye 0.6, unapata 0.78. Aina mbili zilizo kamili hazigeuki kuwa sumu kwa kukutana; zinapata wastani. Hata watengenezaji wenyewe wana ngazi: Harrison's, kwa mfano, wana High Potency yenye mafuta na protini nyingi, na Adult Lifetime iliyo nyepesi zaidi, na mfugaji anaweza kukaa katikati yake kwa kuzipima nusu kwa nusu. Sharti ni kwamba zote mbili ziwe chakula kamili cha kila siku. Nyingine ikiwa ya kifaranga, ya kuzalishia, au kitafunwa kilichofinyangwa mfano wa peleti, wastani huo haufai kutegemewa.

Kabla ya kulinganisha lebo, toa maji. Peleti yenye protini asilimia 14 na unyevu wa asilimia 10 ina protini 15.6 kwa msingi wa chakula kikavu (14 gawanya kwa 0.90). Kumbuka pia kwamba lebo nyingi hutaja kima cha chini cha protini na mafuta, na kima cha juu cha nyuzi na unyevu. Mafuta yaliyoandikwa “si chini ya asilimia 5” yanaweza kuwa 7.

Mchanganyiko wa peleti huharibikia kwenye rangi na utamu. Aina za rangirangi zenye sukari, kama ZuPreem FruitBlend, zinakubalika upesi kwa ndege aliyetoka kwenye mbegu, na hiyo ndiyo faida yake ya kweli. Ukizichanganya na peleti ya kahawia, atachota nyekundu na njano na kuiacha nyingine. Tena rangi hizo hupaka kinyesi, ukakosa kuiona ile rangi ya kijani kibichi au njano katika sehemu nyeupe ya kinyesi inayoashiria ugonjwa wa ini. Kwa maoni yangu aina za rangi zinafaa kuwa daraja la wiki chache. Kama chakula cha kudumu sioni sababu ya kuzichagua ilhali mtengenezaji huyohuyo anayo aina isiyo na rangi.

Ukubwa nao una maana. Punje iwe ile ambayo ndege anaishika na kuimaliza kwa kuuma mara chache. Ikiwa kubwa mno kwa mdomo wake, robo yake itaanguka kama unga. Kampuni ya Roudybush, kwa mfano, huuza fomula yao ya Daily Maintenance katika ukubwa tofauti kuanzia chenga hadi punje kubwa. Anayelalamika kwamba ndege wake anapoteza chakula ajaribu kwanza kubadilisha ukubwa. Kuhusu utengenezaji, peleti zilizopikwa kwa joto kali na mgandamizo huwa nyepesi, zimeiva, na ndege huzipenda, ila baadhi ya vitamini hufa kwenye joto na lazima zirudishwe kwa wingi zaidi. Zilizoshindiliwa kwa joto la chini hubakiza zaidi ya asili yake, ila ni ngumu, na baadhi hazina vitamini zilizoongezwa. Ndege wa ndani asiyepata jua wala taa ya UVB (yenye miale kama ya jua inayousaidia mwili kutengeneza D3) akila aina ya namna hiyo peke yake, chanzo chake cha D3 kitoke wapi? Hapo kuichanganya na peleti iliyoongezewa vitamini ni busara tupu.

Kosa lililo baya kuliko yote haya ni kumwagia poda ya vitamini juu ya peleti kamili, au kuitia kwenye maji. Poda inaweza kufikisha A na D3 kwenye viwango vya hatari. Kwenye maji huharibika ndani ya saa chache, hulisha bakteria, na ndege hupunguza kunywa kwa sababu ya ladha. Nyongeza zitolewe kwa agizo la daktari wa ndege, baada ya vipimo.

Anayetaka kuchanganya apime kwa mizani, asitumie kikombe, kwa sababu ujazo wa peleti nyepesi na nzito haulingani. Achanganye cha wiki mbili tu. Kilichobaki kikae kwenye mfuko wake wa asili, hewa ikikamuliwa nje, mahali pakavu, pa baridi na penye giza. Vitamini A na E huliwa na hewa na mwanga. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho zihifadhiwe hadi chakula kiishe. Asimimine mfuko mpya juu ya mabaki ya zamani, maana unga wa chini ndio unaonyonya unyevu na kuotesha ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kuanika wala kwa kuoka. Harufu ya mafuta yaliyochacha inatosha kukitupa chote.

Halafu ajue kinacholiwa. Weka gramu 30, jioni pima mabaki pamoja na yaliyoanguka sakafuni, kila aina mbali na nyingine. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Kama aina moja inabaki karibu yote, huna mchanganyiko, una aina moja na takataka. Dawa yake ni kuzitenganisha: aina asiyoipenda asubuhi anapokuwa na njaa, anayoipenda alasiri.

Kwa ndege anayetolewa kwenye mbegu, anza na sehemu 9 za mbegu kwa 1 ya peleti, kisha ongeza kila baada ya siku 7 hadi 10 kadiri anavyokula. Peleti iliyosagwa na kuloweshwa kwa maji ya uvuguvugu huwashawishi wengi; itupwe baada ya saa mbili. Mpime kila asubuhi kabla ya chakula. Kasuku wa gramu 400 akishuka gramu 12 bado si hatari. Akipoteza gramu 40, rudi nyuma mara moja na umwone daktari. Kinyesi kidogo, cheusi kama lami, kinaonyesha kwamba hajala kitu, hata kama bakuli limejaa unga wa peleti alizoponda kwa kucheza. Baji wa gramu 35 hana akiba ya kungoja: siku moja au mbili bila kula zinaweza kumuua, kwa hiyo mizani yake iwe inayosoma sehemu za gramu. Usianze mabadiliko haya wakati ndege anaumwa, anataga au ananyonyoka manyoya.

Kwa baji na kokatieli ningepunguza peleti. Mababu zao hula mbegu za nyasi katika nchi kame, na madaktari kadhaa wa ndege hawapendi kuwapa peleti tupu kwa hofu ya figo. Nusu peleti, robo tatu ya kinachobaki ikiwa mbegu ndogo kama ulezi, na mboga kila siku, ni mpango unaotetewa vizuri. Makau wa buluu iliyokoza, yaani hyacinth, anahitaji mafuta zaidi na karanga ngumu za miti kila siku. Na loriketi, ambaye ulimi wake umeumbwa kwa nekta na chavua, hayumo kabisa katika mjadala huu: apewe chakula kilichotengenezwa kwa ajili yake pamoja na matunda, na peleti ngumu wapewe wengine.