Hollókő: nyumba zinasifiwa, mashamba yanasahauliwa

Wageni wengi hufika Hollókő, kijiji cha Wapalóc, jamii ya Wahungaria wa kaskazini, katika vilima vya Cserhát kaskazini mwa Hungaria, wakapiga picha za nyumba nyeupe na kuondoka wakiamini wameona kijiji cha zama za kati. Hapo ndipo wanapokosea.

Cha zama hizo ni ngome iliyo kilimani, iliyoanza kujengwa karne ya 13 baada ya uvamizi wa Wamongolia. Nyumba ni habari nyingine. Zile za zamani zilikuwa za mbao, bila msingi, zimeezekwa nyasi. Moto ukishika moja, jirani hasalimiki. Mwaka 1909 kijiji kikateketea. Wenyewe wakajenga upya kwa mtindo uleule, ila safari hii kwa msingi wa mawe, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na baraza ya mbao chini ya upenu mpana.

Upenu huo si pambo. Udongo hauvumilii mvua ya kuupiga ubavuni. Hatari nyingine ni fundi anayekuja na saruji akidhani anaimarisha ukuta: unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, unajaa nyuma ya lipu, na majira ya baridi maji yanaganda, yanatanuka na kuibandua lipu pamoja na udongo. Chokaa huruhusu ukuta kukauka. Inachosha kwa sababu hupakwa tena na tena, lakini hakuna njia ya mkato.

Halafu tazama viwanja: vyembamba na virefu. Nyumba ya kwanza husimama kando ya barabara, na kizazi kinachofuata hujenga nyuma yake, katika kiwanja hichohicho cha ukoo. Nje ya kijiji mashamba nayo yamekatwa vipande vyembamba, pamoja na mizabibu, bustani za matunda, malisho na misitu. UNESCO ilipokiingiza kijiji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, ilivijumuisha vyote hivyo.

Kwa maoni yangu, fedha za ukarabati zisiishie kwenye kuta. Nyumba iliyofungwa inaweza kukarabatiwa hata baada ya muongo; kipande cha shamba kikiachwa huota vichaka, mipaka ikapotea, na mpangilio wote wa kijiji ukakosa maelezo. Anayelima pale alipwe kwa kulima, kama fundi chokaa anavyolipwa kwa kupaka.