Eti Newala tushuke bondeni

Wiki hii imezunguka picha ya Shimo la Mungu, ukingo wa mlima wetu hapa Newala, mkoani Mtwara, kwenye makundi ya WhatsApp: bonde, ukungu, Ruvuma kwa mbali, Msumbiji ng'ambo. Nzuri, sibishi. Kilichonichefua ni swali la jamaa mmoja chini yake: "Maji yote yako bondeni, hawa watu kule juu wanafanya nini? Si washuke tu?"

Ahsante, mtaalamu. Miaka yote hii halikutujia wazo hilo.

Huku kwetu juu, Mkunya, Mnyambe, Mcholi, mvua inanyesha, tena ya kutosha mihogo na mikorosho, ila mchanga wa huku unainywa yote. Kijito hakuna. Maji yanaibukia chini kabisa ya mlima, na mama anayafuata hukohuko, kisha anapanda na ndoo kichwani. Mwenye bati na uwezo kajenga kisima cha saruji uani cha kukingia ya mvua. Kikikauka, ananunua kwa dumu. Asiye na bati alianza kununua zamani.

Na wazee hawakupotea njia. Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 alisimuliwa asili ya Wamakonde: mtoto wa kwanza alizaliwa karibu na mto akafa, wa pili akafa, walipopanda juu wa tatu akaishi. Iite ngano ukipenda. Mbu wa bondeni wao waliwajua kuliko wewe. Tena vichaka vya huku juu viliwaficha watu wakati Wangoni na wasaka watumwa wakitamba huko chini.

Halafu hili la kuhamisha watu lilishafanyika. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji, serikali ikawakusanya watu kwenye vijiji vipya, mikorosho ikabaki mbali. Waulizeni wazee nani aliipalilia. Zao lilianguka, na mkorosho si mchicha kwamba utapanda mwingine wiki ijayo.

Bomba lipo, haya. Mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kutoka Mitema, huko chini, kazi iliyoanza enzi za mkoloni, miaka ya 1950. Umesaidia, siku yanapotoka. Mtaniambia kupandisha maji mlimani ni ghali. Ni kweli. Lakini korosho zetu zikishuka kwenda bandarini Mtwara, sijasikia mtu akiuliza kwa nini tumezipanda juu.

Karibuni mpige picha. Mkifika nyumba ya wageni, kabla ya kuulizia feni, ulizieni maji yanatoka siku gani.