Oili ya stelingi na hesabu ya bomba la sindano

Muulize fundi oili ya pawa stelingi, ile inayofanya usukani uwe mwepesi, ibadilishwe lini. Wengi watakujibu kwa neno moja: usiiguse. Ikipungua ongeza, ikivuja ziba, basi.

Si uvivu. Vitabu vya Toyota nyingi tunazoendesha vinataka kiwango kikaguliwe tu, havitaji kilomita za kubadilisha. Oili hii haikutani na masizi ya injini. Tena kubadilisha ovyo ni hatari kuliko kuiacha: Honda zina oili yake, magari kadhaa ya Ulaya yanatumia ile ya kijani, na anayemimina ATF nyekundu (oili ya giaboksi ya otomatiki) kila mahali kwa mazoea, au oili ya breki (yapo haya), anaua sili (mipira inayozuia oili isivuje) zilizokuwa nzima.

Ila kitabu kile aliandikiwa mwenye gari wa kwanza. Hata Kenya, inayokataa mtumba wa zaidi ya miaka minane, gari likishaingia linaweza kutembea miaka kumi na tano mingine. Mark II au Prado ya mwaka 2003 huenda bado ina oili iliyotoka nayo Japani. Muda wote huo pampu imekuwa ikisagika kidogo kidogo, mpira wa paipu unabanduka kwa ndani, na chembe hizo zote zinazunguka hadi kwenye raki, chuma chenye meno kinachogeuza matairi. Juu ya hayo kuna joto: foleni, kuegesha kwa kubana, kukata usukani gari limesimama. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Kama ilikuwa nyekundu na sasa ni rangi ya kahawa yenye harufu ya kuungua, kitabu hakitakusaidia.

Hofu kubwa ni kwamba "ukiweka mpya, raki itavuja". Nimeisikia mara nyingi, na kila nikiuliza gari lilikuwaje kabla, jibu ni lilelile: pampu ilikuwa inalia, usukani mzito. Mtu anabadilisha oili mgonjwa akiwa mahututi, halafu lawama anaibeba dawa. Sili iliyokwisha ingevuja tu, na oili mpya haitaifufua.

Tena si lazima kufungua paipu wala kumwaga mfumo mzima. Bomba kubwa la sindano linatosha: nyonya oili ya kwenye kikopo cha stelingi chini ya boneti, jaza mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu, endesha siku chache ichanganyike, rudia. Wanaopinga husema hiyo ni kuchanganya uchafu na usafi. Tupige hesabu. Mfumo wa gari dogo hubeba kama lita moja. Tuseme kikopo ni theluthi yake. Mara ya kwanza oili ya zamani inabaki asilimia 67. Ya pili, 44. Ya tatu, 30. Ya tano, 13 tu, na umetumia chini ya lita mbili. Mara moja haifai kitu, hapo wapinzani wamepatia. Mara tano ni habari nyingine kabisa, na kwa kuwa mabadiliko ni ya polepole, hata mwenye hofu ya kuvuja anaweza kusimama njiani akaangalia chini ya gari.

Lini? Mimi hufanya kila kilomita 80,000 hivi, au mara tu baada ya kununua gari nisilojua historia yake. Kama linavuja tayari, tengeneza kwanza. Na kabla ya kununua oili fungua boneti: Prius, kwa mfano, usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, na hicho kikopo unachokitafuta hakipo.