1NZ-FE ni Injini Imara, Ila Oili Yake Haina Mzaha

Katika injini za magari madogo, sidhani kama kuna iliyomwagiwa sifa kuliko 1NZ-FE ya Toyota, ile ya lita 1.5 iliyoanza kufungwa kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo tumeizoea ndani ya Vitz, Platz, ist, Probox, Succeed, Fielder na mengine mengi. Sifa inayorudiwa kila mahali ni kwamba injini hii haifi. Mimi naipenda sana 1NZ-FE, na kwa sababu hiyo hiyo sifa hiyo inaniudhi, kwa kuwa imewafanya wamiliki wengi waache kupima oili, ilhali uzima wote wa injini hii umefungamana na oili.

Haki yake tuipe kwanza. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, na kila silinda ina kipenyo cha milimita 75 huku pistoni ikisafiri milimita 84.7, na safari hiyo ndefu ndiyo inayolipa gari dogo nguvu ya kuvuta bila kulazimika kuzungusha injini kwa kasi kubwa. Mfumo wa VVT-i hubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za kuingizia hewa kulingana na mwendo na mzigo, kwa hiyo gari halizubai kwenye mwendo mdogo wala halikosi pumzi kwenye mwendo mkubwa. Nguvu yake inakaribia farasi 109, kiasi kinachotosha kabisa kwa gari jepesi. Kila plagi ina koili yake juu, hivyo hakuna distributa, kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi, wala nyaya ndefu za plagi za kusumbua. Petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, bila pampu ya shinikizo kubwa na bila tabo ya kusukuma hewa ndani ya injini, jambo linalompunguzia fundi kazi na mwenye gari gharama. Hata ndugu yake, 1NZ-FXE, ndiyo iliyoendesha Prius ya kwanza, gari la petroli na umeme, mwaka 1997, na hilo linatosha kuonyesha kwamba msingi wa injini hizi uliwekwa kwa nia ya kubana mafuta.

Hata hivyo, ubanaji huo una bei yake, na hapa ndipo wasifiaji wengi hunyamaza. 5A-FE, injini ya zamani ya Toyota yenye ujazo unaokaribiana, ilikuwa na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ya chuma cha kuyeyusha, na mkanda wa taiming, ule unaozifungua valvu kwa wakati wake. 1NZ-FE ilikuja na bloku ya alumini, ndani yake zikiwa zimezamishwa kuta nyembamba za chuma ambamo pistoni hupita. Bloku ikawa nyepesi na injini ikapata joto upesi, lakini kuta hizo zikilika hakuna nafasi ya kuzichonga na kutia pistoni kubwa zaidi jinsi mafundi walivyozoea kwenye injini za chuma, kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe hakutoa pistoni za saizi hiyo. Kwa maneno mengine, injini hii ilikusudiwa kutunzwa vizuri tangu mwanzo, si kufufuliwa baadaye.

Ugonjwa wake mkubwa ni kula oili. Ringi za pistoni zake zilifanywa zisibane sana ukuta wa silinda ili kupunguza msuguano, na ringi ya chini kabisa, inayokwangua oili kwenye ukuta wa silinda, hutegemea vitundu vidogo vya pistoni kuirudisha oili chini. Oili ikikaa muda mrefu kuliko inavyostahili, masizi huziba vitundu hivyo na ringi hunata mahali pake, kisha oili hubaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Ubaya ni kwamba jambo hili huanza kimyakimya. Moshi wa buluu hauonekani mwanzoni, na taa ya oili kwenye deshibodi haiwaki kwa sababu oili imepungua, bali kwa sababu shinikizo lake limeshuka, wakati ambao madhara huwa yameshatokea. Injini hii hubeba takribani lita 3.7 tu za oili. Ikipoteza lita moja na nusu, imebaki na zaidi kidogo ya nusu.

Upungufu huo haubaki kwenye pistoni. Cheni ya taiming, iliyochukua nafasi ya ule mkanda na ambayo watu huisifu kwamba haibadilishwi, hukazwa na kikazio kinachosukumwa na shinikizo la oili hiyo hiyo, na VVT-i nayo hugeuzwa na oili inayopita kwenye kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Wavu huo ukiziba kwa uchafu, gari huanza kuvuta kwa uzito na kusitasita likiwa limesimama, na mara nyingi lawama huangukia plagi zisizo na kosa.

Udhaifu mwingine ni joto. Hedi ni ya alumini, ikichemka hupinda, na gasketi iliyo kati yake na bloku hufuata. Mengi ya magari haya hayana geji ya joto. Yana taa ya buluu ya ubaridi na taa nyekundu ya hatari, basi. Nauona huo kuwa uamuzi mbaya wa Toyota, maana dereva hanyimwi tu habari, ananyimwa pia muda wa kusimama mapema.

Anayetaka kununua gari lenye injini hii alikute likiwa limepoa kabisa, na akikuta muuzaji ameshaliwasha, arudi siku nyingine. Afungue kifuniko cha oili na kutazama chini yake kama kuna utando mweusi, achomoe kijiti cha kupimia, kisha aliwashe huku akisikiliza upande wa cheni: mkwaruzo wa chuma unaoendelea baada ya sekunde chache ni dalili ya cheni iliyolegea. Na kwa aliye nayo tayari ikila oili, ningemshauri afungue pistoni, asafishe vitundu na abadilishe ringi iwapo kuta za silinda bado ni nzima, kabla ya kukimbilia injini nyingine iliyotumika, kwa sababu hiyo nayo hajui ilibadilishwa oili mara ngapi.