Nani aliyeziita tasa?

Wiki iliyopita luku, umeme wa kulipia kabla, ilituishia usiku. Tunakaa Ngamiani, Tanga, barabara ya 13, na kazi ya kuingiza namba ni ya binti yangu wa darasa la sita: mimi nasoma kwenye simu, yeye kapanda kigoda anabonyeza mita. Tarakimu 20. Katikati akaruka moja, tukaanza upya. Ndipo akauliza, "Baba, na hii nayo ni namba tasa?"

Haikuwa. Tasa ni namba, kuanzia 2, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe; hii iliishia na 64, kwa hiyo inagawanyika kwa 4. Tukajumlisha tarakimu zote palepale gizani, tukapata 87, basi na 3 imekubali. Ikishakubali 3 na 4, imekubali 12. Dazeni kamili, bila kushika kalamu.

Ugomvi wangu uko kwenye jina. Shufwa (zinazogawanyika kwa 2) na witiri (zisizogawanyika kwa 2) ni majina yaliyotulia. Watoto wa huku huyakuta chuoni, yaani madrasa, kabla ya shuleni, kwenye Suratul Fajri. (Sura yenyewe ni ya 89: witiri, tena tasa.) Lakini tasa? Tasa kwa Kiswahili ni asiyezaa, na hizi ndizo zinazozaa zote! 12 imetoka kwa 2, 2 na 3, haina wazazi wengine. Kila namba nzima kuanzia 2, iwe ndefu namna gani, ama ni tasa yenyewe ama ni zao la tasa, na kwa njia moja tu.

Najua walichokusudia. Mtazame mama anayepanga machungwa ya Muheza. Akiwa nayo 24, atafanya mafungu ya mawili, matatu, manne, sita, apendavyo. Yakiwa 23, mafungu hayalingani mpaka moja alitoe basela au alile mwenyewe. Sawa, ni ukaidi huo. Ukaidi si utasa. Ningeulizwa mimi, ningeziita namba mbegu.

Wala hazina mwisho, Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu, alionyesha kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Oktoba 2024 ikatangazwa nyingine yenye tarakimu 41,024,320, hiyo hakuna mita itakayoipokea. Kwenye namba za tarakimu 20, takriban moja katika kila 45 ni tasa. Yaani mtaa wetu ukinunua luku usiku mmoja, kuna jirani huenda kaingiza tasa na hana habari.

Leo tumenunua tena. Inaishia na 7, jumla ya tarakimu 91: 2, 3 na 5 zote zimegoma. Binti kachukua daftari, yuko kwenye 7, anasema akitoka hapo anakwenda 11, halafu 13. Kwa namba ndefu hivyo, kujaribu moja moja kunaweza kumfikisha kwenye mabilioni. Sijamwambia.