Umejaribu, mwanangu

Aliyekulia Kenya analijua neno "umejaribu". Mtoto akileta alama nzuri, fundi akimaliza paa, mpishi akipakua pilau ikakubali, tunamwambia: umejaribu. Ni pongezi. Mimi niliambiwa hivyo usiku mmoja na shosho kwenye mlango wa hospitali, na kwa karibu miezi mitatu baada ya hapo sikuwa nalala vizuri.

Kazi yangu ni ya ambulensi, Nakuru. Usiku huo tulitumwa kwenye kituo kidogo upande wa Elburgon kumchukua mama aliyejifungua saa mbili zilizopita, damu ikakataa kukoma. Tuliteremka kupitia Njoro, dripu mbili zikikimbia, mkono wangu mmoja ukikanda mji wa mimba, mwingine umeshika bomba la juu nisianguke kwenye kona. Mji wa mimba ukilegea, mishipa hubaki wazi. Ukikaza, damu hupungua. Kwa hiyo unakanda na unaomba. Nilikuwa nauambia kimoyomoyo: jikaze, jikaze. Shosho, mamake mgonjwa, alikaa mbele na dereva, amempakata mjukuu ndani ya leso. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipofika, binti yake alikuwa ameshatuacha. Shosho akashuka, akaitazama mikono yangu iliyojaa damu hadi viwikoni, akasema: "Asante, mwanangu. Umejaribu."

Angenitukana ningelala.

Baada ya hapo ni kuosha gari. Ni nadra mtu kuuliza ambulensi huoshwa na nani. Tunaiosha wenyewe, dereva na mimi, kwa ndoo na maji ya dawa. Sakafu ni rahisi. Kazi iko kwenye reli za machela, zile njia mbili nyembamba zinazoshika magurudumu, maana damu huingia humo na kuganda. Tuna mswaki wa meno kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimepiga magoti na mswaki huo simu ilipolia: boda imegongana na matatu, barabara ya Kiamunyi. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Tukaenda.

Nasimulia hivi kwa sababu watu wengi hudhani kinachotuvunja ni yale maafa makubwa tu. Huku kwetu yapo, tena mengi. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, moto ukaua watu zaidi ya 100. Mei 2018 bwawa lilivunja kingo Solai usiku, likazoa nyumba na waliolala ndani. Juni 2023 lori liliacha njia kwenye makutano ya Londiani, likawapitia wachuuzi na abiria kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Agosti 2025 ilikuwa zamu ya Kisumu, basi la watu waliotoka mazishini likapinduka. Siku kama hizo hema hupigwa, washauri nasaha huja, viongozi husema pole. Ni haki yao waliofika pale kupata msaada huo, na ungedumu zaidi ya wiki moja ningefurahi zaidi. Lakini mama mmoja wa Elburgon hapigiwi hema. Kwenye rekodi ni safari moja, kilomita kadhaa, mgonjwa mmoja. Na ndiye aliyebaki nami.

Neno tunalopewa sisi ni jikaze. Huanzia chuoni, likatufuata hadi zamu ya kwanza: jikaze, utazoea. Hodari kati yetu ni yule anayetoka kwenye ajali, ananawa, anakula chapati na maharagwe. Nami nimekula hivyo, nikajivunia. Leo naamini neno hilo limetudhuru kuliko ajali zenyewe, kwa sababu linamfanya mtu afiche kidonda hadi kioze. Anayeamka saa nane za usiku akiwa ametota jasho hasemi. Anayeanza kunywa kila akitoka zamu huitwa mtu wa raha. Anayewafokea wanawe kwa kijiko kilichoanguka huambiwa nyumbani kwamba amebadilika, naye mwenyewe hajui aanzie wapi kueleza. Wengi wetu pia tuko kwenye mikataba ya muda mfupi. Ukimwambia msimamizi wako kwamba hulali, swali la kwanza linalokujia kichwani ni kama mkataba utaongezwa.

Na sheria nayo ilikuwa na jikaze yake. Hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mtu aliyejaribu kujiua akanusurika alihesabiwa mhalifu. Sisi ndio tuliokuwa tukiwabeba watu hao, na mara nyingine tunafika wodini tukijua polisi watafuata. Mhudumu aliyeshuhudia hayo angewezaje kusema kwamba mawazo kama hayo yamemtembelea na yeye?

Siku hizi tunapelekwa kwenye mafunzo ya ustahimilivu. Nimehudhuria mawili. Nusu siku hotelini, chai na mandazi, mtaalamu anatufundisha kupumua, tunapewa cheti. Kupumua kunasaidia, silikatai. Ila mafunzo hayo yanachukulia kwamba kasoro iko ndani yangu, kwamba nikiongezwa nguvu nitabeba zaidi. Hayasemi lolote kuhusu ile simu iliyolia nikiwa na mswaki mkononi.

Upo pia mtindo wa kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio baya na kuwataka kila mmoja asimulie alichoona. Unaonekana wa busara, na zamani ulisifiwa sana. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2002 hayakukuta kwamba kikao cha aina hiyo huzuia maradhi ya kiwewe, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likashauri usitumike. Kumlazimisha mtu arudie picha ambayo bado inatoka moshi kunaweza kumuumiza upya.

Mimi niliokolewa na kitu kidogo zaidi. Kuna dada mkubwa kazini, amekaa kwenye gari miaka mingi kunishinda. Asubuhi ile alininunulia chai kwenye kibanda nje ya kituo, hakuniuliza chochote. Akasema tu, "Enda ulale. Kesho nitakupigia." Akapiga kweli. Akapiga tena siku ya nne, na wiki iliyofuata. Baada ya wiki nne akaniuliza, "Bado unamsikia yule shosho?" Nikasema bado, kila usiku. Akaniambia hapo sasa twende tukaone daktari, na akanisindikiza. Baadaye nilielewa kwamba hakuotea zile wiki nne. Kukosa usingizi na kuona picha siku za mwanzo ni jambo la kawaida, na wengi hupona wenyewe wakipumzika na kuwa na watu wao. Yakipita mwezi mmoja bila kulegea, ndipo yanapohitaji tiba.

Alifanya yote hayo kwa muda wake na kwa salio lake la simu. Hilo ndilo linaloniudhi. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ahadi hiyo inatimizwa na watu, na watu hao wanategemea mwenzao mwenye roho nzuri awe amebakiwa na salio. Nami nimetaja walio ndani ya gari tu. Binti wa kupokea simu, anayemsikia mama akipiga mayowe kisha laini inakatika asijue mwisho wake, yeye nani humpigia siku ya nne? Na vijana wa boda, ambao mara nyingi hufika kabla yetu na kuwavuta majeruhi kwa mikono mitupu, hao hawamo hata kwenye orodha ya mtu.

Siku hizi mimi na dereva tuna utaratibu wetu. Baada ya safari mbaya tunamwambia binti wa simu gari linaoshwa, hata kama limeshaoshwa. Anajua. Hutupa dakika ishirini, tunakaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari, hatuongei sana. Akiweza, hulituma gari lingine. Asipoweza, hupiga kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Nataka dakika hizo ziandikwe kwenye ratiba ya zamu, zilipwe kama saa za kazi, na binti wa simu naye awe na zake.